Dabo deka za watoto ndani ya basi tunaloligeuza nyumba, watatu tuwapange vipi?

mama_wa_basi

Habarini wadau. Tunaligeuza basi la zamani la shule liwe nyumba yetu na sasa tumefika kwenye vitanda vya watoto, hapo ndipo mimi na mume wangu tumegota kabisa. Watoto ni watatu, mkubwa ana miaka 11, wa kati 7, mdogo 4. Sakafu na dari tumeshaweka insulesheni (ile ya kuzuia joto na baridi) na kufunika kwahiyo vipimo nilivyonavyo ni vya mwisho: sakafu hadi dari pale katikati ni sentimita 190, ukuta kwa ukuta 226, na kile kipande cha nyuma tulichowatengea watoto kina urefu wa mita 2 na nusu. Sisi wenyewe tutalala mbele kwenye sofa la kukunjua. Matuta ya magurudumu yanaingia kwenye hicho kipande cha watoto, pande zote mbili, yamepanda kama sentimita 25 hivi. Na mwisho kabisa kuna ule mlango wa dharura wa nyuma.

Mume wangu anataka vitanda vitatu juu kwa juu upande mmoja ili upande wa pili ubaki wazi, waweke meza ya kusomea. Mimi roho inasita, naona yule wa juu atakuwa amebanwa na dari na huyu mdogo hata akiwa chini watamkanyaga kila usiku. Ila na mimi sina mpango mbadala ulioeleweka, naona tu kwamba haikai vizuri.

Naomba mnisaidie, kwanza huo mpangilio, halafu tutumie mbao au chuma, chini ya godoro tuweke plaiwudi au chaga, na kuvifunga vipi kwenye bodi la basi maana hatutaki vianze kulialia na kulegea baada ya safari mbili tatu. Tutakuwa tunahama mara kwa mara, sio basi la kupaki sehemu moja. Asanteni.

seremala_wa_zamu

Dada hongereni, hicho kipande mlichonacho kinatosha, msiwe na wasiwasi. Ila roho yako imesita pazuri, vitatu juu kwa juu kwenye dari ya 190 siwashauri na nitakuonyesha kwa hesabu.

Chukua godoro la sponji la sentimita 10, ndio nene la kutosha mtoto na ndio jembamba la kutosha basi. Kitanda chenyewe na mifumbati yake kadiria sentimita 7 unene. Sasa hata ukikishusha cha chini kabisa juu ya godoro iwe 25 kutoka sakafuni (na hapo tuta la gurudumu limeshakukatalia), inabaki 165, toa vitanda viwili vya juu na magodoro yake, 17 mara mbili ni 34, inabaki 131 gawa kwa tatu, kila mtoto anapata sentimita 43 hivi za hewa juu yake. Hapo mtu anaingia kwa kujitelezesha, akishtuka usiku akainuka anapiga kichwa, kusoma hakuna, kukaa hakuna, akiumwa na wewe unataka kumpa dawa amekaa huwezi. Na yule wa juu kabisa ndio ataonewa zaidi maana dari ya basi imejikunja, hiyo 190 ni ya katikati tu, ukienda ukutani inashuka sana, chukua kipande cha mbao usimamishe pale ukutani upime utaona.

Sasa fanya viwili tu upande mmoja. Cha chini kiinue hadi sentimita 30 ili kipite juu ya tuta, godoro 10 inakuwa 40. Toa kwenye 190 inabaki 150, toa 17 za kitanda cha juu inabaki 133, gawa mbili unapata kama 66 kila mmoja. Mtoto wa miaka 7 anakaribia kukaa wima hapo, wa 11 atainamisha shingo kidogo. Wakalishe sakafuni mgongo ukutani uwapime toka kalio hadi utosi, ndio kipimo cha maana kuliko urefu wao wa kusimama. Sio lazima ugawe sawasawa, unaweza kumpa wa juu 70 na wa chini 63 au vinginevyo kutegemea na nani anakaa wapi na anapenda kufanya nini kitandani.

Wa tatu, yaani huyo mdogo, mpe kitanda chake upande wa pili, cha chini, juu yake pawe wazi. Vitanda viwe na upana wa 75, basi 75 na 75 ni 150, toa kwenye 226 inabaki 76, ndio korido yenu inayonyooka mpaka mlango wa nyuma. Vyote vifuate urefu wa basi. Usije ukavilaza kuvuka upana maana ukilaza kitanda cha 190 kwenye 226 umeziba njia ya mlango wa dharura, na huo mlango ni wa kuheshimiwa, nitaacha wengine waliseme hilo.

Na meza ya mume wako haijafa. Godoro la mdogo likate vipande viwili, mchana kile cha miguuni unakikunja juu ya kile cha kichwani, inapatikana benchi, na meza inakuwa ya bawaba ukutani inashuka pale ilipokuwa godoro. Watoto wawili wanakaa hapo vizuri kabisa.

Urefu jenga 190 kwa wote hata huyo wa miaka 4. Watu wanajenga vifupi kwa kuangalia mtoto alivyo leo halafu miaka michache mbele wanabomoa.

kondakta_mstaafu

Mpangilio wa fundi hapo juu nauunga mkono. Mimi nasemea upande wa mwendo kwasababu hii ni nyumba inayopiga breki.

La kwanza ambalo sitaki lipite, vitanda ni vya kulalia basi likiwa limesimama. Basi likitembea kila mtoto yuko kwenye siti iliyofungwa kwenye sakafu kwa bolti na ana mkanda. Sio mmoja amelala juu kwasababu ni safari ya usiku, sio mdogo amesinzia kwenye benchi. Kwahiyo kabla hata hamjakata mbao hakikisheni mmeshapanga siti tatu za watoto ziko wapi, maana nimeona familia zinamaliza nafasi yote kwa vitanda na makabati halafu wanakumbuka siti mwishoni. Siti za zamani za basi la shule mara nyingi hazina mikanda, na mkanda wa kufunga kwenye ubao wa plaiwudi sio mkanda, ufungwe kwenye fremu ya siti iliyotengenezwa kwa ajili hiyo au kwenye chuma cha sakafu kwa mtu anayejua kazi hiyo.

La pili, breki kali inasukuma kila kitu mbele kwa nguvu inayopita nusu ya uzito wake, na ajali ni mara nyingi zaidi ya hapo. Droo za chini ya kitanda zenye midoli na viatu kilo 20, kama hazina kitasa cha kuzishika zinafunguka zenyewe kwenye kona. Zifanye zifungukie kwenye korido na ziwe na komeo la kubonyeza, sumaku peke yake haishiki. Magodoro nayo yabanwe na ubao wa pembeni, la juu likiruka linaweza kumfikia dereva.

La tatu mtikisiko. Skrubu ya kawaida iliyoingia kwenye mbao kwa upande wa kichwa cha mbao, yaani kule nyuzi zinakoishia, haishiki muda mrefu ndani ya gari. Popote kitanda kinapobeba mzigo tumia bolti inayopita upande wa pili, washa (zile pete bapa za chuma) pana pande zote mbili, na nati zile zenye plastiki ndani ambazo hazirudi nyuma zenyewe. Ukishakaza chora mstari wa rangi unaovuka nati na chuma, siku nyingine ukipita na tochi ukiona mstari umekatika unajua nati imezunguka. Mimi ndio ninavyokagua, inachukua dakika chache na mtoto mkubwa anaweza kufundishwa kukagua nawe.

chuma_chakavu

Mimi ni wa kuchomelea kwahiyo mtanisamehe, kwangu fremu ni chuma. Skwea paipu ya milimita 25 kwa 25 unene wa milimita 2 inakupa kitanda chembamba kuliko mbao, ile 7 ya fundi inashuka hadi 4 na nusu hivi pamoja na chaga, umeokoa sentimita ambazo kwenye basi ni mali. Haipasuki, haijikunji.

Ila cha muhimu kuliko kuchagua mbao au chuma ni unaifunga kwenye nini. Ukuta wa basi ni bati jembamba lililopigwa riveti kwenye mbavu, kinachobeba ni zile mbavu zinazopanda katikati ya madirisha na kuzunguka darini. Ukifunga kitanda kwenye bati peke yake litararuka tundu linapanuka mpaka skrubu inatoka kwa mkono. Kwahiyo tafuteni mbavu ziko wapi, kwa sumaku au kwa kufuata mistari ya riveti ukiwa nje, na uweke alama kabla hamjafunika ukuta, na kama mmeshafunika basi pimeni kutoka kwenye madirisha maana ziko katikati ya dirisha na dirisha. Mabasi mengi ya shule yana pia ule ukingo wa chuma unaokimbia chini ya madirisha ambao siti zilikuwa zinakaa juu yake, kama hamjaukata ni msaada mkubwa, upande wa ukutani wa kitanda cha chini unaweza kupumzika hapo hapo.

Mbavu zenyewe ni chuma chembamba, skrubu ya kujichimbia haishiki kwa mzigo wa mtu. Tumia zile nati zinazobanwa ndani ya tundu kama riveti, size ya M8 (ya bolti ya milimita 8), halafu bolti inaingia humo. Ukichimba tundu lipake rangi ya kuzuia kutu kabla ya kufunga chochote.

Na angalieni mnachochimba jamani. Juu ya madirisha mara nyingi kuna waya za taa zinapita, na chini ya sakafu kuna mabomba ya hewa ya breki, waya na tanki la mafuta. Mtu mmoja aingie chini ya basi aangalie ile sehemu kabla ya drili kushuka, na drili uiwekee alama ya tepu isizame zaidi ya inavyotakiwa.

Kama mtachomelea, chomeleeni fremu nje halafu muingize ndani mfunge kwa bolti. Ndani kuna insulesheni, zile za povu zinashika moto na moshi wake ni sumu, na lile bati lina zinki, ukichoma zinki unavuta moshi unaoleta homa. Likilazimika la kuchomelewa kwenye bodi toa waya za betri kwanza.

seremala_wa_zamu

Chuma_chakavu sikupingi kwenye mbavu na bolti, hapo tuko pamoja. Ila fremu nzima ya chuma kwa watoto mimi nina neno. Chuma kinachogusa ukuta wa basi kinaleta baridi ndani na asubuhi kinatoa jasho, godoro linaloegemea hapo linalowa. Na kona zake mtoto akigonga paji la uso ni tofauti na mbao iliyopigwa msasa ikaviringishwa. Mimi nachanganya, chuma cha engo (chenye umbo la L) kimefungwa kwenye mbavu ukutani kama kibebeo, nguzo za upande wa korido mbao au chuma kutoka sakafuni hadi darini, na mifumbati na vizuizi vyote mbao. Kati ya chuma na mbao weka ukanda wa mpira au wa sufi nzito, hapo ndipo kelele zinapozaliwa, sio kwenye mbao yenyewe, ni pale vitu viwili vinaposuguana. Maungio ya mbao kwa mbao gundi pamoja na bolti. Dada umeuliza kuhusu kulialia, jibu ndio hilo.

Juu ya chaga na plaiwudi. Plaiwudi ya milimita 18 ukubwa wa kitanda kimoja cha 190 kwa 75 ina kilo kama 15. Chaga 14 za mbao laini upana wa sentimita 7 unene milimita 18, ukiziachia sentimita 6 kati yake, hazifiki kilo 7. Umepunguza uzito nusu na godoro linapumua. Ukilaza sponji moja kwa moja kwenye plaiwudi jasho la mtoto linashuka linakutana na ubao wa baridi, ndani ya wiki chache unageuza godoro unakuta fangasi. Chaga zipigwe skrubu kwenye mifumbati kila moja pande zote mbili, zisiwekwe tu juu, maana yule wa chini atazisukuma kwa miguu akiwa amelala chali, watoto wote hufanya hivyo. Kitanda cha juu kijengeni kibebe kilo 150 bila kunung'unika. Najua mtoto ana 35, lakini mzazi atapanda kubadilisha shuka na wadogo zake watapanda kucheza.

mama_wa_basi

Yaani nimesoma mpaka nimemuita mume wangu naye asome. Hesabu ya 43 imemmaliza, amekubali viwili na kimoja. Na lile la siti tulikuwa nazo mbili tu za nyuma, inabidi tuongeze, asante sana kondakta.

Sasa nani akae juu? Wa kati ndiye anayepataka juu kwa nguvu zote, mkubwa anasema popote. Na kizuizi cha pembeni kiwe na urefu gani, naona watu wengine wanaweka ubao mmoja tu mwembamba.

tunaishi_barabarani

Dada mimi tumelea watoto ndani ya basi, wawili wamekulia humo, ngoja nikujibu hili na mengine ambayo mafundi hawaishi nayo usiku.

Juu ni kwa aliyetimiza miaka 6, hiyo ni kanuni ya dabo deka Marekani na Ulaya pia kwahiyo wa 7 anaruhusiwa kwa umri, ila mimi ningemweka mkubwa. Sababu yangu ni moja, kukitokea dharura usiku wa juu ndiye anatakiwa ashuke haraka gizani na afanye hivyo bila kuitwa mara mbili. Ukimuona wa kati ana utulivu huo mpe, wewe ndiye unamjua. Huyo wa 4 hata kwa kucheza asizoee kupanda.

Kizuizi hesabu kutoka juu ya godoro, sio kutoka kwenye chaga, ndio watu wanakosea. Kanuni za Marekani zinataka kipite juu ya godoro angalau sentimita 12.7, za Ulaya sentimita 16. Chukua 16 kwenda juu, kwahiyo kwa godoro lako la 10 ubao wa kizuizi usimame 26 juu ya chaga. Na siku ukinunua godoro nene zaidi kizuizi kimefupika, andika kabisa kwenye mfumbati kwa kalamu unene wa mwisho wa godoro. Sasa nafasi kati ya mbao za kizuizi: hatari ni ile nafasi ambayo kiwiliwili kinapita na kichwa hakipiti, mtoto anateleza miguu kwanza anabaki ananing'inia kwa shingo. Kwahiyo uwazi wowote uwe chini ya sentimita 9, Ulaya wanasema usizidi 7 na nusu, nami nafuata ya Ulaya. Angalia pia kichwani na miguuni mwa kitanda cha chini, sio cha juu tu.

Upande wa ukutani nao unahitaji kizuizi, watu wanasahau wakidhani ukuta unatosha. Ukuta wa basi haujanyooka, kunabaki mwanya kati ya godoro na ukuta na mtoto anaweza kuzama humo, na kama kuna dirisha pale basi kioo kiko usawa wa mgongo wake. Weka ubao uliofunikwa kitambaa unaofuata mkunjo wa ukuta, godoro libane kabisa. Dirisha la kufunguka liache lakini liwe na kizuizi cha kumzuia asitoke akiwa amelala, ambacho mtu mzima anaweza kukitoa kwa mkono bila bisibisi.

Sasa moto, hapa naomba unisikilize vizuri. Kila anayelala humo awe na njia mbili za kutoka. Mlango wa mbele ni mmoja, ule wa nyuma ni wa pili, na watoto wako wako jirani nao ambayo ni bahati nzuri, usije ukaweka kabati wala baiskeli mbele yake na usiweke kufuli ambalo kutoka ndani linahitaji ufunguo. Mkubwa na wa kati wote wafundishwe kuufungua, ule mpini ni mgumu kwa mtoto, wajaribu kwa mikono yao mpaka waweze. Kutoka nje ni mruko mrefu kwahiyo wajifunze kukaa kwanza ukingoni halafu kujishusha. Fanyeni mazoezi usiku taa zimezimwa. Sio mara moja.

Kengele ya moshi iwe darini upande wa watoto na nyingine mbele yenu. Moshi unapanda, wa kitanda cha juu ndiye anaupata kwanza, ndio maana nasema upande wao lazima iwepo ya kwao. Kengele ya kaboni monoksaidi nayo, kama mna jiko la gesi au hita ya dizeli au jenereta hata ikiwa nje, maana hiyo gesi haina harufu na mtoto amelala. Fuateni maelekezo ya kifaa kuhusu kimo cha kuifunga.

Hewa. Joto linapanda kwahiyo wa juu atalala na joto na wa chini na baridi ndani ya usiku huohuo mmoja. Kila kitanda kipate feni yake ndogo ya volti 12 na taa yake ya LED yenye swichi anayoifikia akiwa amelala. Feni iwe na wavu mdogo vidole visiingie. Waya zipite nyuma ya ubao, zisining'inie, na laini iwe na fyuzi karibu na betri. Kitu chochote cha kuning'inia kutoka kitanda cha juu hakuna, kamba ya kuruka, mkanda, begi lenye mikanda mirefu, shuka ya kufanyia hema, mtoto anaweza kunasa shingo. Kwetu ni sheria.

Pazia wape. Kila mtoto kwenye basi anahitaji sehemu ndogo ambayo ni yake akifunga hamuoni mtu, hasa huyo wa 11 anakaribia umri huo. Kitambaa chepesi cha pamba, kwenye reli fupi, kisifike kwenye taa. Na kijishelfu chenye ukingo pale kichwani cha kuweka kitabu na chupa ya maji. Hayo ndiyo wanayoyapenda kuliko kitanda chenyewe, nakuambia.

kondakta_mstaafu

Hilo la mazoezi gizani nakazia. Na tochi moja moja ifungwe mahali pake kwa kila mtoto, isiwe ya kuchezea.

Pia uzito pande zote mbili za basi. Mkiweka dabo deka kushoto basi matanki ya maji au betri au makabati mazito yawe kulia, lipelekeni kwenye mizani mkimaliza mpime ekseli kwa ekseli. Kipande chenu cha nyuma kiko nyuma ya ekseli au juu yake, kila kilo mnayoweka nyuma ya ekseli inainua pua ya basi, kwahiyo vitabu vyote na vyuma visiishie huko chini ya vitanda.

mama_wa_basi

Asanteni mno. Kwahiyo tunaenda hivi, dabo deka kushoto mkubwa juu wa kati chini, mdogo kulia na ile benchi ya kukunja, mifumbati mbao, kibebeo cha engo kwenye mbavu, chaga za skrubu, kizuizi 26 kutoka kwenye chaga pande zote. Tumechora kwa chaki sakafuni na wameshajilaza humo kupima.

Kimebaki kimoja, ngazi. Korido ni 76 nikiweka ngazi ya kulalia inakula njia yote, ya kusimama wima mume wangu anasema mkubwa ataanguka usiku akienda chooni. Mnafanyaje?

chuma_chakavu

Ya kusimama wima inawezekana, mabomba ya duara yaliyofungwa kwenye nguzo, ila vidato visipishane zaidi ya sentimita 30 na kuwe na kishikio kinachopanda juu ya godoro. Kwa mtu mzima iko sawa. Kwa mtoto mwenye usingizi sio chaguo langu la kwanza.

seremala_wa_zamu

Usiweke ngazi kwenye korido kabisa. Kipande chenu kina mita 2 na nusu, kitanda kimechukua 190, zimebaki sentimita 60 miguuni mwa kitanda upande wa mbele wa basi. Hapo jenga ngazi ya makabati, ipande kwa kufuata urefu wa basi kuelekea kitandani.

Chaga za kitanda cha juu kwa hesabu ile ziko kama 113 kutoka sakafuni. Gawa kwa nne ni 28, kwahiyo visanduku vitatu, cha kwanza kimo 28, cha pili 56, cha tatu 84, hatua ya nne unaingia kitandani. Kila kisanduku kina kina cha 20 cha kukanyagia, vitatu ni 60, imetosha kabisa. Upana uwe ule ule 75 wa kitanda. Ni mwinuko mkali kidogo lakini mtoto anashuka kinyumenyume ameshika, sio kama ngazi ya wima. Na kila kisanduku kinakuwa kabati la nguo la mtoto mmoja, watatu wamepata.

Kwasababu mlango wa kuingilia kitandani uko miguuni, kizuizi cha upande wa korido kinakuwa kimoja kisichokatika toka mwanzo hadi mwisho, ambayo ni nguvu zaidi. Pale miguuni acha uwazi wa sentimita 40 tu upande wa korido, zilizobaki ziba kwa ubao wa kimo kilekile. Nguzo ya kona hiyo ipande mpaka darini ifungwe kwenye ubavu, ndio kishikio chake, iviringishe iwe nene kiasi mkono wa mtoto unaizunguka. Huyo mdogo akipata wazo la kupanda weka kijilango kifupi kwenye kisanduku cha kwanza mchana.

Juu ya kila kidato bandika ukanda wa kukwaruza usioteleza, na ukingo wake uwe na rangi nyeupe au kaukanda kanakong'aa gizani. Milango ya makabati ifungukie korido na komeo la kubonyeza kama alivyosema kondakta. Kabla ya kupaka vanishi vifungeni vyote kwa bolti bila gundi, mpande nyote wawili mkae juu, halafu zungukeni na basi barabara mbovu kidogo mkisikiliza. Mkisikia sauti ndio mnajua wapi pa kuongeza ukanda wa sufi, mkirudi ndio mfungue, mpake gundi na mkaze moja kwa moja.